Muulize Mama Nesi: "Mama anasahau, tumnunulie dawa gani?"

Wasomaji wangu, hamjambo. Shikamooni mlionizidi umri, ingawa mnazidi kupungua. Mwaka huu nami nimetimiza miaka 71. Wodi nilishaiacha, lakini simu haijaacha kulia. Watu wa Moshi na Arusha mkishajua kwamba fulani alikuwa nesi, basi huyo kastaafu kwa mwajiri tu, kwenu bado yuko zamu. Mwezi huu maswali karibu yote ni ya kichwa cha mzee: anasahau, anarudiarudia maneno, halali, anatuhumu watu. Nimechagua matano. Majina nimeyaficha na mitaa mingine nimeihamisha kidogo, maana huku kwetu ukitaja mtaa na idadi ya watoto, mtu kashajulikana.

Shikamoo Mama Nesi. Mimi ni wa mwisho kati ya watoto sita, naishi Pasua, Moshi mjini. Mama yetu ana miaka 76. Baba alipofariki tulimtoa Uru tukamleta kwangu ili apumzike. Tangu aje amekuwa msahaulifu sana. Anauliza jambo lilelile mara tatu, jina la msichana wa kazi halimkai, na juzi aliacha jiko la gesi likiwaka. Huyu ni mama aliyekuwa akiuza ndizi Kiboriloni na hesabu zake hakuna aliyezigusa! Hapa kwangu simruhusu kazi yoyote, anaangalia tivii tu. Ana presha, dawa anameza kichwa kikimuuma. Kuna dada pale kanisani anauza vidonge vya majani vya kurudisha kumbukumbu, kopo la mwezi mmoja shilingi 180,000. Ndugu zangu wameshaanza kuchanga. Tumnunulie? – Kitindamimba, Pasua

Marahaba mwanangu. Msinunue. Nimeanza na hilo kwa sababu najua mchango ukishafunguliwa kwenye grupu la familia kuurudisha ni ugomvi. Mbadilishieni kazi hela hiyo, nitawaambia ya kufanyia.

Jani linalouzwa zaidi kwa ajili ya kumbukumbu ni la mti uitwao ginkgo. Wamarekani walilipima kwa wazee zaidi ya 3,000, wengi wao wa miaka 75 na kuendelea: nusu wakapewa vidonge vya ginkgo, nusu vidonge visivyo na kitu, bila wenyewe kujua nani kapewa kipi, wakafuatiliwa kwa takriban miaka sita. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Waliopata ugonjwa wa kusahau walilingana pande zote mbili. Tena kwa mzee anayemeza aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, majani hayo yanaweza kumzidishia kutokwa damu. Sijui kopo la huyo dada lina nini ndani, na nina wasiwasi hata yeye hajui.

Sasa soma barua yako upya taratibu. "Dawa anameza kichwa kikimuuma." Mwanangu, hapo ndipo penye moto. Presha haina adabu ya kubisha hodi kwa kuumiza kichwa. Inaweza kukaa 180 juu na mama akakuambia yuko salama kabisa. Huko ndani inakakamaza mishipa midogo inayolisha ubongo, na kila mshipa ukiziba, sehemu ndogo ya ubongo inakufa. Mtu hapoozi mkono wala mdomo haupindi, kwa hiyo hakuna anayesema kiharusi. Anakuwa mzito tu: anafikiri polepole, anashindwa kufuata mambo mawili kwa pamoja, anasahau jiko. Mwaka 2019 ulitoka utafiti mwingine wa Marekani uliochukua watu zaidi ya 9,000 wenye presha, wa miaka 50 na kuendelea. Wale ambao presha yao ya juu ilishushwa hadi chini ya 120, badala ya kuachwa kwenye 140 iliyozoeleka, walipata usahaulifu wa hatua za mwanzo kwa uchache zaidi. Sisemi umshushe mama hadi 120 mwenyewe jikoni kwako. Mzee akishushwa kwa pupa anapata kizunguzungu, anaanguka, na nyonga ikivunjika tunaanza hadithi nyingine. Nasema dawa ni kila siku, saa ileile, na kliniki ya presha asiikose.

Kwa hiyo mpeleke hospitali. Anza kituo cha afya kilicho karibu, wakishindwa wawaandikie hospitali ya mkoa ya Mawenzi, na Mawenzi wakiona inafaa watawasogeza hospitali ya rufaa ya KCMC. Achukue kitambulisho, ana zaidi ya 60, aulizie dirisha la wazee. Mwambie daktari tangu lini, na kulikoanza nini. Aombewe kipimo cha sukari, wingi wa damu, figo, tezi ya shingoni (ikilegea, mtu anapooza akili na kuhisi baridi Moshi ya Januari), na vitamini B12 ikipatikana. B12 iko kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Mzee anayeishi kwa chai ya rangi na ndizi hupungukiwa, na anayemeza metformin kwa muda mrefu kwa ajili ya sukari naye hupungukiwa. Waombe wapime VVU na kaswende pia. Usikunje uso, nimewahudumia mabibi wengi, hayo magonjwa hayaulizi nani ana wajukuu. Na kama alianguka akagonga kichwa, hata kama ni wiki kadhaa zilizopita na alisema hajaumia, taja. Damu inaweza kuvilia taratibu chini ya fuvu na ikamchanganya mzee polepole, na hiyo inatibika.

Halafu kuna baba. Mama amefiwa, na mwezi si mwingi akang'olewa nyumbani. Mzee mwenye sonona si lazima alie. Anaweza kunyamaza, kula kidogo, kuamka saa tisa usiku na kujibu kila swali "sijui". Familia inasema kumbukumbu imekwisha, kumbe moyo ndio umechoka. Mwambie daktari na hilo.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nichague barua yako kwanza. Wewe umempumzisha mama kwa upendo, na sina shaka na upendo wako. Lakini hebu tuangalie umemnyang'anya nini. Kule Uru aliamka kabla ya jogoo wa pili. Alipanda na kushuka kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, akapapasa mkungu akajua huu ukatwe leo na ule ungoje Jumamosi. Alitofautisha mshare wa mtori, kisukari cha kula mbivu, mzuzu wa kukaanga na ndizi ng'ombe, kwa jicho tu, tena kwa mbali. Akifika Kiboriloni alikadiria chane za mkungu bila kuhesabu, akataja bei ya juu akijua atashukia ngapi, akaangalia viatu vya mteja ndipo akaamua kama ashuke. Na madeni yote kichwani: yule mama wa mgahawa anadaiwa mikungu miwili, yule wa Rau kalipa nusu, yule mwenye kilemba cha kijani asikopeshwe tena. Njiani alisalimia watu hamsini, na kila mmoja alilazimika kumkumbuka ni wa ukoo gani ili ajue amuulizie nani. Hiyo yote ni kazi ya ubongo, na ilimfikia kila siku bila kulipia.

Pasua anacho nini? Sofa, rimoti, geti lenye kufuli, na msichana wa kazi kutoka mkoa mwingine ambaye hawana hata mtu mmoja wanayemjua wote. Kiuru chake hana wa kuzungumza naye mpaka wewe urudi saa mbili usiku, na wewe unamjibu Kiswahili huku unaangalia simu. Mtu wa miaka 30 ukimweka hivyo miezi sita, atasahau leo ni siku gani.

Hela ya kopo ifanyie haya. Jumamosi nenda naye soko la Mbuyuni, mpe pochi, yeye ndiye anunue. Usimsahihishe mbele ya muuzaji. Ndizi za nyumbani amenye yeye, na akimenya mshare kaa karibu umuone: kidole gumba kinajua pa kuingilia kabla macho hayajaangalia. Mkabidhi idara moja ya nyumba iwe yake kabisa, kuku au bustani ya mchicha, na msimuingilie. Jiko la gesi ni geni kwake. Mnunulieni la mkaa akae nalo uani, na lile la gesi pawe na mtu karibu. Kila mwezi mmoja wenu ampandishe Uru alale siku mbili tatu, aende kanisani kwake, aende misibani, asikie habari za watu. Ninyi ni sita, zamu hazitawaua. Na atembee: dakika 150 kwa wiki ndizo Shirika la Afya Duniani linazopendekeza hata kwa waliopita 65, sawa na nusu saa siku tano. Kwa mama wa Uru hiyo ni dharau, atakupita.

Baada ya miezi mitatu, dawa ikiwa inamezwa na vipimo vimetoka, niandikie tena. Sikuahidi atarudi kama zamani. Inawezekana ni mwanzo wa ugonjwa wenyewe, na hapo tutazungumza mengine. Ila kwa sasa hamjui, kwa sababu hakuna aliyepima.

Habari za kazi Mama Nesi. Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 68, naishi Ngaramtoni. Nilifundisha shule za msingi Arumeru zaidi ya miaka 30. Siku hizi stendi pale Kilombero mtu mzima ananipigia "shikamoo mwalimu", sura naijua, jina silipati mpaka nifike nyumbani. Naingia chumbani nasahau nilichofuata. Marehemu kaka yangu aliugua ugonjwa wa kusahau, kwa hiyo nina hofu. Kuna kipimo? Kila siku natoka na bodaboda asubuhi kwenda kucheza drafti na wenzangu hadi jioni, nimeambiwa inasaidia ubongo. Nimejaribu hata kujifunza Kimaasai cha majirani, ila sijavuka salamu. – Mwalimu, Ngaramtoni

Salama mwalimu, pole na kuondokewa na kaka.

Piga hesabu yako mwenyewe kwanza. Miaka 30, darasa la watoto 50 kwenda juu, kila mwaka wapya. Unataka majina yote hayo yakae mlangoni yakikusubiri? Jina kuja saa mbili baadaye maana yake limo, njia ya kulifikia ndiyo imekuwa ndefu. Hilo ni umri. Kuingia chumbani ukasahau ulichofuata, hata wanangu wenye miaka 40 wanafanya, tena wao wana simu mkononi.

Kinachonitia hofu mimi ni kingine: kupotea njia unayoipita kila siku, kuuliza swali, ukajibiwa, na baada ya dakika kumi kuliuliza tena kama hujawahi kuliuliza, kushindwa kazi uliyokuwa bingwa wake, mfano wewe kushindwa kujumlisha alama, kubadilika tabia, mpole akawa mkali au mstaarabu akaanza kutukana. Na mara nyingi mwenyewe haoni, wanaona wa nyumbani. Wewe umeandika barua ndefu isiyo na kosa la herufi ukieleza usahaulifu wako kwa mpangilio. Muulize mkeo anaonaje.

Kipimo kipo, na kimoja utakipenda kwa sababu mzizi wake uko hapa jirani, wilaya ya Hai. Watafiti walipita vijiji vya Hai mwaka 2009 na 2010 wakiwapima wazee wa miaka 70 na zaidi, karibu 1,200, na wakakuta wenye ugonjwa huu ni kama sita katika kila mia. Sasa, vipimo vya Ulaya vinamtaka mzee aandike sentensi, achore saa, asome. Bibi ambaye hakuingia darasani angefeli mtihani huo akiwa na miaka 25 na akili kama wembe! Ndipo kikatengenezwa kipimo kifupi kwa wazee wa Afrika, kwa kazi iliyofanyika Hai na Nigeria. Hakuna kalamu. Mpimaji anakupa maneno kumi uyashike, baadaye atakuuliza uyataje aone umebaki na mangapi. Anakuuliza leo ni siku gani, kiongozi wa hapa ni nani. Anakwambia utaje wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja, na ukianza na ng'ombe, mbuzi, kondoo halafu ukanasa, ataandika. Kisha anapanga njiti za kiberiti mezani kwa umbo fulani na kukupa zako upange vilevile. Nimeona mzee aliyejenga nyumba nzima kwa mikono yake akizungusha njiti nne, anaziangalia, anazigeuza, na haziji. Kwa kuangalia tu unaelewa kuna kitu.

Usijipime mwenyewe nyumbani, mwalimu. Nawajua walimu, mtafanya mazoezi ya mtihani. Na kuna sababu nyingine: mtu aliyesoma na kusomesha ana akiba kubwa kichwani, anaweza kuwa ameanza kupungukiwa na bado akafaulu. Kama hofu haiondoki, nenda hospitali ya Mount Meru ukaonane na daktari, na umchukue mtu unayeishi naye aeleze upande wake.

Kuhusu kaka: kuwa na ndugu aliyeugua kunaongeza uwezekano kiasi, ila si hukumu. Jopo la wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet walitoa mwaka 2024 orodha ya mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, wakasema karibu asilimia 45 ya ugonjwa huu duniani inahusishwa nayo. Sikutajii yote kumi na manne. Yapo presha, kisukari, sigara, pombe ya kupita kiasi, kutojongea, upweke, masikio na macho yasiyotibiwa, lehemu mbaya (kolestro) kwenye damu. Uliyonayo humo unayajua wewe.

Drafti sasa. Sina ugomvi nayo, na kukaa na watu ni dawa nzuri kuliko vizibo vyenyewe. Ila unakwenda kwa bodaboda, unakaa kutwa, unacheza na watu walewale ambao unajua atakayefungua pembeni na atakayekutegea kwa kukupa vizibo viwili. Mikono inacheza, kichwa kimelala. Wafini walitoa matokeo yao mwaka 2015: watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 waliokuwa na hatari ya kupungukiwa. Kundi moja lilishikishwa kwa pamoja mazoezi ya mwili, mlo, mazoezi ya akili na usimamizi wa presha na sukari kwa miaka miwili, na akili zao zikafanya vizuri kuliko za waliopewa ushauri wa kawaida tu. Kwa pamoja, mwalimu. Kwa hiyo kwenda nenda kwa miguu, kurudi panda boda kama jua limezama. Wiki moja moja badilisha ubao, mtafute anayejua bao la kete akufundishe: mashimo 32, kete 64, na hapo kijana wa miaka 20 atakutoa jasho. Ugumu huo ndio tunaoutaka.

Na Kimaasai usikiache! Miaka yote Ngaramtoni na hujavuka "supai"? Tafuta koko (bibi wa Kimaasai) mmoja jirani asiye na haraka, mpelekee sukari, mwambie nimekuja kusoma. Wewe uliyezoea kushika chaki utakaa upande wa kuchekwa ukikosea, na maneno matano kwa siku yanatosha. Hicho ndicho ningekuandikia kwenye karatasi ya dawa.

Mama Nesi, baba yetu wa Machame, miaka 81, anamtuhumu mke wangu kuwa anamwibia pensheni na kuficha miwani. Hela tunazikuta ndani ya soksi, kwenye debe la mahindi, kila mahali. Ukiongea naye hasikii vizuri, tivii inasikika hadi barabarani, na siku hizi hajibu maswali. Shangazi wameanza kusema kuna mkono wa mtu na wanamtazama mke wangu vibaya. Nifanye nini? – Mwana wa Pili

Anza na shangazi, kabla ya baba. Kaa nao, wewe na si mkeo, uwaambie wazi kwamba mzee anaficha hela mwenyewe, anasahau alipoficha, na kichwa kinatafuta maelezo. Anayekuwa karibu ndiye anayekuwa mwizi. Ni dalili inayojulikana ya ugonjwa, niliiona wodini kwa maprofesa na kwa wachunga mbuzi. Maneno ya "mkono wa mtu" katika nchi hii yamewaponza vikongwe na wake za watu wasio na hatia. Yasiachwe yakue.

Akimtuhumu mkeo, msibishane naye. Msimletee ushahidi. "Pole baba, tuzitafute wote," mtafute, zikipatikana msiseme "si tulikwambia". Mwekeeni kopo moja lenye shilingi elfu chache zake za kushika. Pensheni yenyewe isimamiwe na wewe na ndugu mwingine mmoja, kwa daftari, ili mkeo asiwemo kabisa kwenye hesabu.

Halafu masikio. Hasikii, kwa hiyo hajibu. Hajibu, kwa hiyo mnaacha kumsemesha. Hamumsemeshi, kichwa kinakosa kazi. Katika ile orodha ya mambo 14, kutosikia ni kati ya mawili yenye uzito mkubwa kuliko yote. Mwaka 2023 Wamarekani waliwapa watu wa miaka 70 hadi 84 vifaa vya kusikia na kuwafuatilia miaka mitatu. Kwa waliokuwa na afya njema havikuleta tofauti ya kuonekana, ila kwa waliokuwa tayari kwenye hatari kubwa, kudidimia kwa akili kulipungua karibu nusu. Baba yako yuko karibu zaidi na kundi la pili. Aangaliwe kwanza kama ni nta tu. Huwezi kuamini ni wazee wangapi walirudia kusikia baada ya kusafishwa sikio kliniki. Msimchokonoe kwa njiti, ufunguo wala kijiti cha pamba. Macho nayo yaangaliwe, maana mtoto wa jicho anatolewa na mtu akarudi kuona sura za wanawe.

Mkiongea naye: zimeni tivii, kaeni mbele yake penye mwanga, mtu mmoja mmoja, sauti nzito kuliko kali. Msipige kelele.

Ninyi ni watu wa Hai, kwa hiyo ulizieni hospitali ya wilaya au KCMC kama kuna kikundi cha kuchangamsha akili kwa wenye ugonjwa huu. Utaratibu wake ulitoka Uingereza, vipindi 14 kwa wiki saba, na ulijaribiwa hukohuko kwenu kwa kuubadilisha uwe wa nyumbani: nyimbo, methali, vyakula, hadithi za ujana. Usipokipata, baba na wazee wenzake wawili, chungu kidogo cha mtori na swali moja la mwaka ambao kahawa ilikuwa na bei, mmeshaanza.

Na muangalie mkeo pia. Anayelea mgonjwa wa namna hii na kuitwa mwizi kila asubuhi anahitaji siku yake ya kutoka.

Nina miaka 70, Kaloleni Arusha. Usingizi hauji, kwa hiyo kila usiku nameza Piriton mbili, mwaka wa nne sasa. Mchana kichwa kina ukungu. Zina madhara? – Bibi wa Kaloleni

Shoga yangu, zinayo. Ile ni dawa ya mafua na mwasho. Usingizi ni adha yake, na juu ya hapo inazuia kemikali ambayo ubongo unaitumia kushika kumbukumbu. Mzee inamganda mwilini hadi mchana: ukungu, mdomo mkavu, choo kigumu, mkojo kuchelewa, kuanguka. Acha. Lakini kama humo kwenye mkoba zimo na za usingizi zenyewe, kama diazepam, hizo usizikate ghafla. Daktari akupunguzie kidogo kidogo.

Usingizi wa miaka 70 ni mfupi na una vituo, huo ndio wake. Mchana lala nusu saa, kabla ya saa tisa, siyo hadi adhana ya magharibi. Asubuhi toka ukae juani. Chai nzito mwisho saa nane. Na kama waliolala karibu yako wanasema unakoroma halafu unanyamaza kama umekata roho, ndipo unashtuka, hilo lipeleke hospitali.

Mama, nimemwekea bibi yangu (miaka 78, Njiro) programu ya michezo ya ubongo kwenye simu, ya Kiingereza, lakini haitaki. Nimlazimishe? Nimeilipia mwaka mzima. – Mjukuu

Usimlazimishe. Anayecheza sana mchezo mmoja wa simu hupata ustadi wa mchezo huo, na ushahidi kwamba unamsaidia kukumbuka dawa zake au njia ya sokoni ni haba. Tena umempa kwa Kiingereza! Mfundishe kupiga simu ya video kwa dada zake, kutuma ujumbe wa sauti, kutafuta kwaya anazozipenda. Atakusahaulisha subira, lakini hicho ni kitu kipya chenye faida kwake, na atakirudia kila siku kwa sababu kuna mtu upande wa pili. Jioni yeye akufundishe kitu anachokijua yeye, ukikosea akucheke.

Programu ifute, simu ibaki. Na namba ya siri ya pesa zake asimpe mtu, wewe ukiwemo.